Tulsi ya Mama Mkwe

Kwanza mjue kwamba Sindano si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa kwa sababu mbili: alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na ulimi. Ukimpelekea kitambaa pungufu ukataka gauni la mikono mirefu, atakuuliza mbele za watu kama uko tayari kupunguza mikono yenyewe. Lakini Sindano huyohuyo, akishavuka kizingiti na kuingia ndani kwa mama mkwe wake, alikuwa mpole ungedhani si yeye. Alimwogopa yule mama, na alimpenda, na kwa miaka yote ya ndoa yake hakuweza kusema kipi kilitangulia.

Nyumba yenyewe haikuwa kubwa. Mbele kilikuwa chumba cha cherehani, sakafu haionekani kwa vipande vya nguo. Nyuma yake jiko, chumba cha mama mkwe, chumba cha Sindano na mumewe, kisha ua wa saruji wenye ukuta. Mume alikuwa fundi wa minara ya simu. Kazi yake ni kupanda juu kule ambako hata ndege wanajiuliza huyu naye anatafuta nini, kufunga nyaya na boliti, na kushuka. Alikuwa akikaa huko milimani miezi, na kichekesho ni kwamba mjenga mnara wa simu ndiye asiyekuwa na mtandao: mpaka mnara usimame hakuna simu, na ukishasimama yeye keshahamishiwa kwingine. Nyumbani wakabaki wanawake wawili na miungu yao.

Miungu yenyewe, ya Kihindu, ilikaa jikoni, ndani ya kabati lisilo na mlango, juu ya kitambaa chekundu alichokitia pindo Sindano mwenyewe. Alipoingia bibi harusi katika nyumba ile alidhani anajua kusali. Kwao walikuwa wanasali kama watu wanaowahi gari: taa, kengele, haya twende. Mama mkwe alimtazama siku ya kwanza, asiseme kitu. Siku ya pili akamkalisha chini, akaanza kumfundisha upya.

Kengele, alimwambia, haipigwi ili kumwamsha Mungu, Mungu halali. Inapigwa ili aamke anayeomba. Taa ya samli haipulizwi, maana pumzi iliyokwisha kutumika kusengenya watu haifai kugusa moto ule. Unaulaza utambi kwa ua bichi, na wala husemi umeizima taa, unasema umeipumzisha. Shanga nyeusi za shingoni ni uhai wa mume, hazivuliwi hata bafuni. Kale kamtungi ka shaba kalikozibwa kwa nta kana maji ya mto mtakatifu, aliyaleta babu alipokwenda kuhiji, na hayaguswi mpaka siku ya safari. Safari yenyewe si ya gari. Na chakula hakionjwi jikoni. Kinakwenda kwa Mungu kwanza, kisha ndiyo watu wanakula kilichobaki kama baraka, kwa hiyo ukitia chumvi unakadiria kwa jicho na mkono, kwa sababu kitu kilichoguswa na ulimi wako ni makombo, na Mungu hapewi makombo. Hili lilimpa Sindano taabu sana mwanzoni. Kuna siku Mungu alipelekewa dengu zenye chumvi ya kumkausha ng'ombe, na mama mkwe akazila zote kimya.

Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba kitu kikishawekwa mbele ya Mungu si chako tena. Maji aliyoogeshwa, maua yaliyonyauka miguuni pake, hata tone la maziwa, havimwagwi mferejini, mguu wa mtu usije ukavikanyaga. Vyote vinapelekwa uani kwenye shina la tulsi.

Tulsi ni mmea mdogo tu, jamii ya mrehani, wenye harufu inayobaki vidoleni. Asiyejua ataupita. Lakini kwa watu wa nyumba ile ulikuwa mmea na ulikuwa Mama, mke wa Mungu, amekaa katikati ya ua ndani ya jukwaa la saruji lililojazwa udongo, linalofika kiunoni, na mwanamke mwenye mume alimpa maji kila asubuhi kumwombea mumewe maisha. Jua likizama hachumwi jani, maana amelala. Na mtu akifika pumzi za mwisho, jani lake moja huwekwa mdomoni pamoja na maji ya ule mto, ili roho isitoke na njaa. Mama mkwe alisema nyumba isiyo na tulsi ni kama nyumba isiyo na mlango, huwezi kuingia vizuri wala kutoka vizuri. Alisema pia, kwa sauti ndogo, kwamba tulsi ikistawi nyumba imestawi, na ikinyauka bila sababu basi yuko mtu atakayetoka humo ndani.

Sindano aliyashika yote hayo. Hilo la mwisho alitamani angelisahau.

Mara ya mwisho mume alipokuja likizo alileta kisa. Alikuwa juu ya mnara, kiatu kikateleza, mkanda ukamdaka akabaki ananing'inia kama nguo kwenye kamba, wenzake chini wakimpigia kelele ajitikise. Alisimulia akicheka hadi akapaliwa, maana wanaume wa kazi zile hucheka wasije wakalia. Sindano alimtupia maneno ya kumchoma, naye akazidi kucheka. Mama yake hakucheka. Aliliweka tonge chini, akanawa, akaenda jikoni, wakaisikia kengele ikilia mara moja tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Baada ya siku chache mume akarudi milimani.

Haikupita muda miguu ya mama mkwe ikaanza kuvimba. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Sindano akambeba mzobemzobe hadi zahanati, na daktari, kijana mstaarabu mwenye miwani, akasema moyo umechoka, unashindwa kusukuma maji. Akampa vidonge vya kumkojoza. Tena akampa chupa ya dawa ya maji, akaeleza vizuri kabisa: vile vidonge vikitoa maji vinatoa pia aina ya chumvi ambayo moyo unaihitaji upige sawasawa, na dawa hii ya maji ndiyo inayoirudisha, kwa hiyo asikose hata mara moja. Ila chumvi ya chakula aache kabisa.

Sindano akaona fahari kujibu. Akamwambia daktari hilo halina shida, huyu chumvi ameshaiacha tangu mume wangu arudi kazini, hata kabla ya ugonjwa, anapakua chake kabla sijaitia. Daktari akasema laiti wagonjwa wote wangekuwa hivyo. Mama mkwe alikuwa anatazama dirishani, ameikamata mikono yake miwili mapajani kama mtoto anayesubiri kuchapwa. Hakuna aliyemwangalia.

Dawa ile ilikuwa na ladha mbaya. Sindano aliichanganya na maji katika kikombe cha shaba, asubuhi na jioni, akamkabidhi mama mkwe mkononi, naye kabla ya kunywa alikipeleka kwanza mbele ya miungu. Hapo Sindano aligeuka akampa mgongo. Ndivyo alivyofundishwa na mama huyohuyo: mtu anayesema na Mungu hatazamwi, ni kama kuchungulia barua ya mwenzio. Alikuwa anarudi kwenye cherehani yake, na baadaye kikombe kinarudi kitupu, mama mkwe anafuta midomo kwa ncha ya sari. Ungekuwa wewe ungeshuku nini?

Kisha tulsi ikaanza.

Zilianza kingo za majani, zikawa za kahawia kama nguo iliyoachwa chini ya pasi. Sindano akadhani ni jua, akaiwekea kivuli cha khanga kuukuu. Majani yakaanza kudondoka yenyewe, bila upepo, asubuhi unakuta yametapakaa juu ya udongo katikati ya maua makavu na majivu ya udi. Akaongeza maji. Akapunguza maji. Akaikagua wadudu jani kwa jani, hakuna. Kila asubuhi alikuwa anaamka roho juu, anafika uani kabla hajanawa uso, na kila asubuhi tulsi ilikuwa imezidi kuwa vijiti.

Sasa hapo ndipo alipoingia Redio. Huyu alikuwa shangazi yake mume, dada wa marehemu baba mkwe, anakaa nyumba ya ukuta mmoja nao, na jina lake linajieleza: anawashwa alfajiri na hazimwi hata kwa umeme kukatika. Hana ubaya moyoni, jamani, tusimsingizie, lakini habari ikiingia kwake uzito mmoja hutoka uzito mara tatu. Alichungulia juu ya ukuta, akaiona tulsi, akashika mdomo. Akasema maishani mwake ameona tulsi ikifa hivi mara moja tu, kwa jirani yao wa zamani, na mwezi haukuisha yule mke akavua shanga nyeusi. Akamuuliza Sindano kama anaoga kabla ya kuitia maji. Akamuuliza kama amewahi kuigusa akiwa katika siku zake. Mtaa wote ungekuambia Sindano alikuwa na la kumjibu, lakini siku ile aliushika ule mkufu wa shanga shingoni akaingia ndani, akakaa mbele ya cherehani, akashona mkono wa kushoto wa gauni mahali pa mkono wa kulia.

Hofu ikishaingia haina haja ya kubisha hodi tena. Ilikuwa naye akipika, akipima wateja, akilala. Mumewe yuko juu ya chuma, na mmea unaomlinda unakufa mikononi mwake. Alijichunguza ni wapi alipokosea, akakuta makosa mengi, maana nani hana.

Akamwendea mama mkwe, akamwomba ruhusa autoe udongo wote wa jukwaa, aweke mpya.

Mama mkwe alikuwa amelala ubavu, miguu juu ya mto. Siku hizo alikuwa anashikwa na misuli, vigimbi vya miguu vinakakamaa mpaka anauma shuka, na mikono ilikuwa haina nguvu ya kumenya kitunguu. Alinyanyua kichwa upesi kuliko Sindano alivyotegemea.

"Usimguse," alisema. "Mwache Mama anywe. Anameza mengi kwa ajili ya nyumba hii."

"Lakini anakufa, Mama."

"Kama anakufa, anajua anamfia nani."

Sindano alitoka mle chumbani akiwa na baridi mwilini mchana kweupe. Aliyachukua maneno yale kama yalivyoingia sikioni: kwamba mama mkwe naye anajua, na huyo ambaye mmea unamfia ni mmoja tu. Wote wawili walikuwa wakimwaza mtu yuleyule juu ya mnara, na hakuna aliyethubutu kumtaja. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na fundi wa nguo alikuwa anakitafuta milimani.

Dalili hazikukoma. Asubuhi moja mama mkwe alikuwa akisali, kengele ikamchomoka mkononi. Ile kengele ilikuwa imepita mikono ya wanawake wanne wa ukoo ule na haijawahi kugusa sakafu. Ilianguka, ikabingirika hadi chini ya meza ya cherehani, ikanyamaza. Mama mkwe alikitazama kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Sindano akaiokota, akaiosha, akairudisha kabatini, na wote wawili wakajifanya wamesahau. Walipomrudia daktari, alimsikiliza moyo akakunja uso, akasema unapiga unaruka, unapiga unaruka, akauliza kama dawa ya maji anaipata. Sindano akaapa. Aliapa kwa macho yake, nayo macho yake yalikuwa yamegeuka kila mara.

Mvua zikaanza milimani. Simu ya mume, ambayo ilikuwa inakuja kila akishuka mjini kununua mahitaji, haikuja. Wiki ikapita, nyingine ikafuata. Halafu siku moja alasiri Redio aliingia kwa mlango, si kwa ukuta, na hiyo peke yake ilikuwa habari. Alikaa bila kukaribishwa. Huyu mwanamke ambaye hutia chumvi katika kila neno, siku ile alileta neno kavu: amesikia kutoka kwa watu wa malori kwamba huko juu mnara umepigwa na dhoruba, na fundi mmoja ameanguka. Jina hawalijui. Basi.

Sindano alikanyaga cherehani mpaka mshono uliokuwa mkononi ukaisha, akakata uzi, akainuka. Aliwaacha hapo, akaenda uani.

Zilibaki fimbo tupu. Jua lilikuwa limeshaegemea ukuta, na jukwaa lilikuwa na joto la mchana. Akaliinamia, akaikumbatia ile saruji kwa mikono miwili, akaweka paji la uso juu ya udongo kama mtu anayeweka kichwa mapajani mwa mama yake. Alikuwa hana maombi yenye maneno. Aliukandamiza uso wake humo, na midomo yake, akakaa.

Alipojinyanyua alijilamba midomo.

Chumvi.

Akadhani ni machozi. Akajigusa mashavu, makavu. Alikuwa hajalia bado. Akayasogeza maua makavu na yale aliyodhani ni majivu ya udi, na chini yake udongo ulikuwa mweupe, umeganda gamba, unang'aa. Akachukua punje akaweka kwenye ulimi: ile chumvi chungu yenye kukwaruza, ambayo aliijua, maana siku ya kwanza, palepale zahanati, alionja ncha ya kijiko ili ajue anampa nini mama mkwe wake. Asubuhi na jioni. Kikombe kitupu. Kitu kikishawekwa mbele ya Mungu hakimwagwi mferejini.

Aliingia ndani anakimbia. Njiani alimwambia Redio akatafute gari na daktari, sasa hivi, na Redio kwa mara ya kwanza hakuuliza kwa nini.

Mama mkwe alikuwa ameegemea ukuta, midomo imebadilika rangi. Alimwona Sindano ana gamba jeupe kwenye paji la uso, akaelewa, na akafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kwa nini, Mama?" Sindano alipiga magoti. "Kwa nini hukuniambia?"

Akasema polepole, kwa vipande. Siku ile mwanawe aliposimulia alivyoning'inia akacheka, yeye alikwenda mbele ya miungu akaweka nadhiri: akiondoka tena, mrudishe nyumbani kwa miguu yake, na mpaka nitakapomlisha kwa mkono wangu, chumvi haitagusa ulimi wangu. Nadhiri ikisemwa inavuja, kwa hiyo hakusema. Alipougua, daktari akamsaidia bila kujua kwa kumkataza chumvi ya chakula. Kisha daktari huyohuyo akatoa chupa na kusema hii ni chumvi. Angefanya nini? Aliionja mara moja, akaitema. Kuikataa ingebidi aeleze. Kuitupa chooni ni dhambi, maana alikuwa ameshaiweka mbele ya Mungu akimwomba amwonyeshe njia, na njia aliyoiona ilikuwa ile aliyoifuata maisha yake yote, ya kwenda uani kwenye tulsi.

"Nikajua atanimezea," alisema. "Ni mama kama mimi."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu alificha dawa, na methali ya hilo hatuna. Sindano alikwishachukua chupa, akamimina, nusu kikombe nusu kwenye nguo yake. Akamshika kichwa. Mama mkwe akafunga midomo, akaikaza, na nguvu ambazo hazikuwepo za kumenya kitunguu zikapatikana.

"Nipe mimi hiyo nadhiri," Sindano akamwambia, na sasa ndiyo machozi yalikuja. "Nitaibeba. Sitakula chumvi mpaka arudi. Wewe kunywa, Mama, nakuomba, nakushika miguu."

"Nadhiri si mtungi wa maji, mwanangu, mtu aseme nitue." Akavuta pumzi zisizolingana. Halafu akasema kile ambacho Sindano alikuwa akikiogopa tangu jani la kwanza, ila kwa mtu mwingine. "Nipe jani langu."

Jua lilikuwa linamalizikia. Sindano alisimama uani mbele ya fimbo, hana pa kuchuma hata kama ingekuwa saa ya kuchuma. Akapekua kwa vidole, maua, vijiti, gamba, mpaka pembeni kabisa, penye ufa wa saruji, akapata jani moja lililojikunja, lilishadondoka lenyewe. Lililodondoka linaruhusiwa. Lilikuwa limepakaa ile chumvi pande zote mbili.

Akakimbia jikoni, akavunja nta ya kale kamtungi ka shaba kwa meno. Maji ya babu, yaliyotunzwa kwa ajili ya safari za nyumba nzima, ya mama, ya mwana, na yake mwenyewe, akayamimina juu ya jani, akaliosha kama anavyooshwa mtoto mchanga, taratibu, lisikatike. Akamimina tena. Yakabaki matone. Lakini angejuaje? Mwanamke yule alikuwa anakufa kwa ajili ya kutogusa chumvi, na hili ndilo litakuwa la mwisho kuingia mdomoni mwake. Sindano akafanya ambalo hakuwahi kulifanya katika jiko lile tangu alipofundishwa. Akaliweka lile jani kwenye ulimi wake mwenyewe, akalionja. Akalifanya makombo. Halikuwa na ladha ila ya majani makavu.

Alimwekea mdomoni, na matone yaliyobaki juu yake. Mama mkwe alilipokea, akasita, akayafungua macho na kumtazama kwa swali.

"Halina chumvi, Mama," Sindano akasema. "Nimeonja."

Akalimeza. Gari la Redio lilipopiga honi nje, palikuwa hapana tena wa kupandishwa.

Mume alifika asubuhi, kabla ya mazishi ya moto. Alikuja kwa miguu yake, viatu vina tope hadi kifundoni, kwa sababu dhoruba ilibomoa barabara ikabidi watembee. Aliyeanguka ni mwingine, kijana wa zamu ya pili, na kazi ilisimamishwa. Alikuwa amekuja anawaza jinsi ya kuwaeleza, akakuta majirani mlangoni. Aliwasha moto wa mama yake kwa mikono iliyojaa mikwaruzo ya kamba.

Akamuuliza Sindano kilichomuua mama. Sindano akasema moyo. Daktari alishasema hivyo hivyo na haikuwa uongo. Redio aliutangazia mtaa kwamba tulsi ilijua, na tulsi kweli ilijua, kuliko Redio. Lakini lile jingine Sindano alilikalia. Alilipima kila upande kama anavyopima kitambaa asichoweza kukirudia akishakikata: ukimwambia mwanamume kwamba mama yake alijinyima uhai ili yeye asianguke, kisha umwache apande juu ya chuma akiwa na neno hilo kichwani, umemsukuma kwa mkono wako. Akalimeza.

Walichimba udongo wa jukwaa wote, wakalisugua, wakaweka mpya, na Sindano akapanda mche mchanga. Ulishika vizuri. Siku za maombolezo zilipotimia, kazi ikaita, na mume akafunga begi lake, mkanda wake, kofia yake ngumu. Sindano alimtania mlangoni kwamba safari hii akining'inia ajitahidi kupendeza, na akamtazama mpaka alipokata kona.

Jioni ile Redio alikuja kumliwaza, wakakaa chini jikoni mbele ya lile kabati, taa ikiwa inawaka. Sindano akampelekea Mungu sahani, akapiga kengele mara moja tu, akasubiri, akaipakua wakala. Redio alitafuna, akaacha, akamtazama.

"Mwanangu, leo umesahau chumvi."

"Sijasahau, Shangazi," Sindano akasema, akamsogezea kibakuli cha chumvi, na yeye akaendelea kula.